Swali Alilolikwepa Babu

Babu yangu ni fundi cherehani, na kwa aibu hana mfano. Akija mteja wa kike, humpa mama yangu futi ampime kiuno, yeye akitazama dari na kuuliza, "Ngapi?" Mama ni mkwe wake, mke wa mwanawe. Mbele ya mama hata chafya huipiga akiwa amegeukia ukutani.

Utumbo wake ulipojisokota, akapasuliwa. Baba alikuwa safarini kikazi, hivyo tuliomuuguza wodini ni mama na mimi, maana shule zilikuwa zimefungwa.

Asubuhi nesi akaingia na troli, sauti yake kama ya mnadani. "Shikamoo, mzee. Umejamba?"

Mama akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Babu akafumba macho.

"Mzee, si nakuuliza? Ukipasuliwa tumbo, utumbo unalala. Hewa ikitoka ndiyo tunajua umeamka, ndiyo unakula. Umejamba, hujajamba?"

"Piga honi, mzee, tupishe!" akadakia dereva wa lori kitanda cha pili, mguu wake umening'inizwa. Watu wakaangua kicheko.

"Ndiyo," babu akanong'ona.

"Ndiyo nini?"

"Hiyo."

Basi akaruhusiwa uji mwepesi. Mama akamlisha, naye akameza kijiko baada ya kijiko, maana angekataa, lile swali lingerudi.

Mchana tumbo likavimba, likakaza kama ngoma. Jioni akatapika maji ya kijani, yote kwenye gauni la mama. Babu akalia. Halikuwa tumbo lililomliza. "Nisamehe, mama. Nisamehe, mama," ndiyo maneno aliyokuwa nayo, na mama anamfuta kidevu huku ametazama pembeni ili asimwaibishe zaidi.

Wakampitisha mpira puani hadi tumboni, uchafu ukawa unashuka kwenye mfuko. Daktari akasema hali isipobadilika hadi kesho itabidi apasuliwe tena, na kwa umri wake hilo halikumpendeza. Alipoondoka, nesi akamwomba mama atoke kidogo, mimi nikabaki. Akavuta pazia, akaweka kipimo chake cha kusikilizia juu ya tumbo la babu, akasikiliza weee.

"Tumbo kimya," akasema, safari hii polepole. "Baba, asubuhi ilitoka kweli?"

"Haikutoka."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Mkwe wangu alikuwepo."

Nesi akashusha pumzi, akashindwa kumtazama. "Hapo kosa ni langu. Ningevuta pazia kwanza, nikakuuliza taratibu kama hivi." Akanyoosha shuka bila sababu. "Utumbo unaamshwa kwa kutembea. Nani atakushika?"

Babu akanitazama mimi. Bega langu halikufika kwapani pake, na baba alikuwa mbali. Alibaki mama tu.

Asubuhi, kabla daktari hajapita, wakaingia koridoni. Mkono mmoja wa babu ulishika nguzo ya dripu, mwingine ulikuwa begani kwa mkwewe. Walikuwa wakienda na kurudi, kila mmoja anatazama ukuta wake. Walipofika mbele ya dirisha la dawa, ikatoka. Ndefu, na ya sauti. Foleni yote ikageuka.

Babu akasimama. Nilidhani ataiachia ile nguzo aanguke makusudi, yaishe.

"Twende, baba," mama akasema, sauti inamtetemeka, sijui kicheko au kilio. "Bado ya pili."

Nesi aliposikiliza tena, tumbo lilikuwa linanguruma. Daktari naye akasema kisu hakina kazi tena.

Siku hizi babu yuko kwenye cherehani yake, mzima, anakula chochote. Lakini mama akimpelekea chai, yeye huinama sakafuni kutafuta sindano ambayo haijadondoka. Mama humwekea kikombe pembeni, akatoka, na babu haanzi kuinuka mpaka asikie mlango.