Pembe Nne za Jeneza

Miaka ya sitini nilitoka Kibokoni, Mombasa, nikaenda bara kuwa karani wa ghala la ngano, katika mji ambao dereva akipiga chafya mara mbili ameshaupita. Barabara kuu, pampu ya petroli, maduka manne, bucha, ghala letu. Kisha ngano mpaka macho yachoke. Waislamu tulikuwa watatu: mimi, mwenye bucha na fundi wa magari.

Baba alikuja kunitembelea wakati wa mavuno. Alichuma suke, akalitafuna, akacheka. "Miaka yote hii nala mkate, kumbe nala nyasi!"

Lakini mji haukumkaa moyoni. Hapakuwa na adhana wala baraza, na watu walisalimiana bila kusimama. Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, mtu akifa hapa hutukuliwa na nani kwenda kaburini?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuja kufa, amekuja kutembea. Jibu lile laniuma hadi leo.

Siku ya nane hakuamka. Tulimwosha, tukamkafini, tukapiga jeneza kwa mbao za ghala. Ndipo nilipoona: jeneza lina pembe nne, nasi tu watatu. Kwetu watu hugombania kulishika, na baba hakupata kuacha maiti apite bila kumpa bega lake. Nikatoka mbio hadi barabarani kusimamisha malori. Mawili yalinipita. Nikayalaani, Mungu anisamehe. La tatu, lililotoka bandari yetu ya Kilindini, likasimama.

"Marehemu ni wa wapi?" dereva akauliza.

"Kibokoni."

"Wetu huyo!" Akazima injini akaruka chini. Wenzake wawili waliomfuata nyuma nao wakaegesha.

Tuliporudi nyumbani niliwakuta majirani wamejaa nje ya ua, wote Wakristo, na wavunaji wenye vumbi la ngano hadi kwenye nyusi. Walikuwa pale tangu asubuhi. Nilikuwa nimewapita mbio bila hata kuwaangalia, nikienda kutafuta watu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alivua kofia. "Karani, na sisi tunaruhusiwa kumshika mzee? Hatukutaka kukosea."

Nilimtazama mwenye bucha, aliyekuwa mkubwa wetu. "Washike," akasema. Nami niliona haya.

Tulimsalia, tukamzika kando ya shamba, na mashine za kuvunia zikabaki kimya mpaka tulipomaliza kumfukia.

Wiki ile ile niliteremka Mombasa. Mama alikuwa amekaa eda. Hakuniuliza baba aliugua nini.

"Walomtukua walikuwa wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Wengi, mama. Kila nikisogea, kuna bega la mtu. Mimi mwanawe nilikosa pa kushika."

"Alhamdulillahi," akasema. Ndipo alipolia.