Kikohozi, Meli ya Waholanzi

Siku hiyo nilikuwa nafua. Nguo za Athumani, mume wangu, hazikuwa za kufulika. Makaa ya meli yalikwishaingia ndani ya uzi wenyewe, ukikamua yanatoka maji meusi kama wino wa ngisi. Yeye amekaa kizingitini anakula mahamri na mbaazi, ananicheka.

"Hangaika tu, Mwanaisha. Zikitakata nazirudisha kule kule."

"Basi kale kule kule pia," nikamwambia. "Mahamri yangu yaache."

Tulikuwa Mombasa, nyumbani kwa mamangu. Mie msichana, mimba ya kwanza inanipiga mateke. Vita vya pili vya Wazungu vilikwishaingia, lakini kwetu vilikuwa ni taa kuzimwa magharibi, mchele kuadimika, na bandari ya Kilindini kujaa meli hadi nyingine zinangoja nje. Athumani alikuwa mtia makaa. Kazi yake chini kabisa, mbele ya moto, na koleo mkononi. Nilijivuna naye, sifichi. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango.

Meli yake ilikuwa ya mizigo, ya moshi, mali ya Waholanzi. Jina lake refu, la kukwaruza koo. Makuli wa bandarini walishindwa nalo wakaiita Kikohozi, kwa namna dohani lake lilivyokohoa kabla ya kuondoka. Na sisi tukaiita hivyo. Athumani alinihadithia kwamba ilikuwa kuukuu, ilizoea kubeba sukari na tumbaku kutoka Java kupeleka kwao. Mjerumani akaiteka Uholanzi meli iko baharini. Ikawa haina kwao tena. Nahodha mkewe yuko huko, barua haziendi wala haziji. Waingereza wakaichukua, wakaipaka rangi ya kijivu, wakaitia mzinga mmoja nyuma, wakawa wanaipakia mkonge na vitu vya jeshi.

Kwa sababu ya mzinga ule watoto wa mtaani walimfuata Athumani wakimpigia saluti. "Askari wa manowari!"

"Manowari gani?" akawajibu. "Mzinga wenyewe ukilia, tutavunjika sisi kabla ya adui."

Tukacheka. Mamangu hakucheka.

Kesho yake akaondoka. Hakusema waendako, walikatazwa. Alisema, "Nikichelewa, mtoto mpe jina wewe." Akachukua kifurushi cha mahamri akaenda zake.

Meli zikaingia, meli zikatoka. Kikohozi haionekani. Tumbo lilipokuwa kubwa nikatembea hadi ofisi ya wakala wa meli. Karani alikuwa kijana wa pwani kama sisi, nywele zimechanwa kwa mafuta.

"Meli gani, mama?"

"Ya Waholanzi. Ya kijivu."

"Siku hizi zote za kijivu."

"Kikohozi."

Akataka kucheka, akajizuia. "Hakuna meli ya jina hilo."

"Ndiyo mliyomtia mume wangu."

Akainama karibu yangu. "Mama, habari za meli ni siri ya vita. Hata nikijua, sijui. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Ningefanya nini? Ningempiga?

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Hatoki ovyo, hajitii manukato, hapaki hina, hasuki asumini, mpaka muda wake uishe. Na akiwa na mimba, mpaka ajifungue. Ni haki ya marehemu, na ni haki ya mwanamke pia, apate mahali pa kuuweka msiba wake. Lakini eda haikaliwi kwa mtu aliye hai. Huko ni kumchuria. Nilipoanza kuvaa nguo za kupauka mamangu alinivua kwa mkono wake.

"Unamwua kwa nguo?"

Shekhe wa msikiti wetu naye akasema, bila habari ya kweli wewe ni mke wa mtu, kaa kama mke. Nikakaa kama mke. Nikatia wanja. Nikasuka asumini. Kila jioni nanukia vizuri, na ndani naoza.

Nikazaa mtoto wa kike, nikampa jina Zuhura. Arobaini yake ilipofika wanawake wakajaa nyumba nzima, udi, vigelegele, nikapakwa hina hadi viwikoni. Nilicheka siku hiyo. Nilicheka sana.

Hina ilikuwa bado mbichi alipokuja Mzee Bakari, sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa Kikohozi.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Amekonda, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Akaitazama hina yangu. Akamtazama mtoto. Akaanza kulia, mwanamume mzima.

Nikajua.

"Lini?" nikamwuliza.

"Zamani, mwanangu. Hata hatukufika mbali."

Ilikuwa alasiri, bahari imetulia. Yeye Bakari yuko juu na kamba zake. Nyambizi, wakati ule tukisema manowari ya chini, hakuna aliyeiona.

Kishindo kimoja.

Meli ikalala upande.

Mzinga haukulia.

Bakari akakimbilia mlango wa kushukia chini. Mvuke unatoka, haukaribiki. Ngazi imepinda. Chini kuna watu, wanagonga chuma kwa makoleo.

"Ulimsikia?"

"Waligonga wote. Sikuweza kujua lipi lake."

Kisha maji yakafika, na kugonga kukaisha.

Waliookoka waliokotwa na meli iliyokuwa inakwenda kusini ya mbali. Wakawekwa huko, wakakatazwa kusema. Bakari alifunguliwa mdomo siku aliyoteremshwa Kilindini, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwangu.

Nikaingia chumbani nikavua bangili. Nikazitoa zile nguo za kupauka, na mara hii mamangu hakunizuia. Nilitaka kukaa. Nilitaka mlango ufungwe, nami niwe ndani na Athumani wangu. Akaitwa shekhe. Alinisikiliza, kisha akaanza kuzichezea ncha za kilemba chake.

"Mwanangu, eda ya mwenye mimba hukoma akizaa. Mumeo alikufa kabla hujazaa. Imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Siku uliyojifungua."

"Na mimi sijui?"

"Hata usipojua."

Basi nilikaa eda na asumini kichwani. Nilikaa nikinukia udi. Nilikwenda jikoni nikasugua mikono kwa limau na majivu mpaka ngozi ikachubuka, na hina haikutoka. Watu walikuja wakasoma hitima, wakala, wakaondoka. Kwa sheria nilikuwa mwanamke huru, na kabla hina haijafifia mtu alikwishatuma wazee kuniposa. Niliwafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyataja hapa.

Baadaye sana niliolewa na Omari, fundi cherehani, mtu mpole. Alimlea Zuhura kama wake. Na Zuhura huyo, mtoto wa mtia makaa, ndiye aliyetuleta huku ng'ambo, Minneapolis. Anafanya kazi hospitali kule Maplewood, anaendesha gari lake mwenyewe kwenye barafu. Mwanawe Faraji yuko chuo kikuu. Mie sikusoma zaidi ya Kurani na herufi za kuombea maji, lakini tazameni nilivyozaa.

Faraji ndiye aliyetaka kunitafutia ile meli. Kiswahili anakisikia, akijibu ni Kiingereza mara tatu, Kiswahili mara moja.

"Bibi, nimecheki laibrari. Meli za Waholanzi zilizozama ziko nyingi sana. Yenu jina lake nani?"

"Kikohozi."

Akacheka. "Jina la kweli, Bibi."

"Hilo ndilo la kweli."

Akaleta kitabu cha picha, akanifungulia ukurasa mmoja mmoja. Zote za kijivu. Zote zina dohani. Nilizitazama kama mtu anayetafuta uso sokoni. Huenda niliipita. Nikamwambia afunge kitabu, akafunga, akanishika mkono, wala hakucheka tena.

Omari alifariki baridi hii hii. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi lilichimbwa kwa mashine. Sasa niko katika eda yake, hapa hapa kwa Zuhura, dirishani theluji. Wanawake wa Kikenya na wa Kisomali wananiletea chakula, wananisifu nilivyotulia.

Juzi Zuhura alirudi kutoka kazini, hata koti hajavua, akaniuliza, "Mama, unamlilia Baba Omari, au unamlilia na baba yangu humo humo?"

Nilijaribu, sitasema uongo. Siku za mwanzo nilitaka kumwingiza Athumani, nikidhani mlango ukishafungwa watatosha wawili. Haikuwa. Kila nikikaa, anayekuja ni Omari na mkasi wake na kikohozi chake cha uzee. Na ni haki yake. Aliishi nami, akafa nikimshika mguu, siku hizi ni zake zote.

"Namlilia Omari," nikamwambia.

"Na baba yangu?"

"Babako eda yake imekwisha."

Akavua koti, akaenda kuosha mikono. Nilisikia maji yanatiririka muda mrefu.