Sauti ya Kwanza ya Mosi

Mzee Abdulhamidi, muuza mafuta ya alizeti wa Singida mjini, ndiye aliyemwadhinia Mosi sikioni siku alipozaliwa. Mtoto alifika miaka miwili hageuki akiitwa, ikabainika ni kiziwi. Kilichomkata mzee maini ni kwamba adhana ile mjukuu wake hakuisikia.

Kwa hiyo Mosi alipopandikizwa kifaa cha kusikia huko Dar es Salaam, babu alikuwa na ombi moja: siku ya kukiwasha, sauti ya kwanza iwe yake.

"Na mimi mama yake je?" Saada alimtania. "Hata kumwita jina, baba?"

"Wewe utamwita mpaka akuchoke. Niachie hiyo moja tu."

Kifaa kilipowashwa, mzee aliinama kwenye sikio la kulia, akaanza kwa sauti ya chini, kama kwa kichanga. "Allahu akbar..."

Mosi akapiga yowe. Akamsukuma babu usoni hadi kofia ikaanguka, akakinyofoa kichwani kipande cha nje cha kifaa na kujificha ndani ya khanga ya mama yake.

Rahel, mtaalamu wa usikivu, aliangalia vipimo, akashusha pumzi. Akawaeleza kwamba ndani ya sikio mna msuli mdogo unaojikaza sauti inapozidi. Wakati wa upasuaji huupima msuli huo ili kukadiria nguvu ya kifaa. Lakini mtoto alikuwa kwenye nusu kaputi, na dawa ile huulegeza. Haukujikaza mpaka sauti ilipokuwa kubwa mno. Mwenzake aliyekiandaa kifaa alivichukua vipimo hivyo kama vilivyo, akakiwekea nguvu kupita kiasi.

"Yaani nilimpigia kelele?"

"Hapana, babu. Wewe ulinong'ona. Kifaa ndicho kilichopiga kelele. Tunakipunguza sasa hivi."

"Yeye atalijuaje hilo?"

Rahel aliiokota kofia, akamrudishia.

Kikapunguzwa. Nyumbani Mosi akakizoea. Akacheka sufuria zikigongana, akajifunza kusema "mama". Lakini babu akibisha hodi, mkono wa mtoto huenda kichwani, kifaa chini. Walijaribu biskuti, wakajaribu kumbembeleza. Mdomo wa babu ukifunguka tu, kilio.

Siku hizi mzee anaingia bila hodi. Saada akimwamkia, "Shikamoo baba," anainua mkono tu. Mosi humjia mwenyewe, akakaa mapajani mwake, kifaa kichwani, akamsemesha vineno vyake vipya kimoja kimoja. Babu humsikiliza, mdomo kaufumba.