Kitanda cha Mpishi wa Nyambizi

Mume wangu ni mpishi wa nyambizi. Nchi yetu ndogo ina manowari chache na nyambizi mbili, na katika hizo mbili, moja haikosi kuwa kwa mafundi. Hiyo nyingine ndiyo aliyoipikia miaka yote ya ndoa yetu, huko chini kusiko na alfajiri, akijua kumekucha kwa sababu amekaanga mayai.

Nafasi humo ni finyu. Kitanda kimoja hulaliwa na watu wawili kwa zamu: huyu akiamka kwenda kazini, yule anaingia. Mwenzake alikuwa fundi wa zile betri kubwa zinazoiendesha nyambizi. Walipishana tu njiani, wala hawakuwahi kukaa wakazungumza. Mume wangu alimjua kwa joto alilomwachia kwenye godoro na harufu ya dawa ya kuchua mgongo. Mimi nilimwita mke mwenza, na wivu niliuona kwelikweli, maana yeye alilala palipolaliwa na mume wangu, na mimi nikalala na mito.

Safari moja walikuwa mazoezini, manowari za juu zikiwatafuta. Ili wasisikike, amri ilikuwa asiye na zamu ajilaze, asinyanyuke wala kuita mtu. Mume wangu akamaliza jikoni, akavua viatu, akajitupa kitandani. Anasema taa zilikuwa hafifu, maji yanaipapasa nyambizi kwa nje, na usingizi mtamu ulishamfika magotini. Tatizo ni godoro. Lilikuwa baridi.

Akajiambia fundi ameamka mapema. Lakini mapema gani hiyo, hata joto liishe lote? Waliotoka zamu wangedhani fundi amekuja kulala, na wa zamu mpya wangedhani ameshatangulia kwenye betri. Kwa ukimya ule hakuna aliyeuliza. Mume wangu aliogopa, hanifichi. Akizurura na kumbe mtu yuko salama, yeye ndiye atakayekuwa ameharibu mazoezi ya jeshi zima, na kazi ndiyo basi tena. Akainuka hivyo hivyo, miguu mitupu. Ofisa wa zamu akamwonyesha kidole arudi. Mume wangu akamwinamia sikioni.

"Afande, kitanda chetu hakijalaliwa."

Walimkuta fundi nyuma ya betri, alikokwenda kukaza waya baada ya zamu yake. Hewa chafu ilikuwa imemlevya, amelala ubavu, bado anapumua. Nyambizi ikapanda juu kutafuta hewa safi, manowari zikaiona, mazoezi wakashindwa. Hakuna aliyejali.

Fundi alipotoka hospitali alikuja kwetu. Daktari alishamkataza kushuka tena. Wakaketi sebuleni kama wachumba siku ya kwanza, kila mmoja akitazama kikombe chake. Niliwacheka, kisha nikaona haya kwa wivu wangu wote.

"Shemeji," fundi akaniambia, "nilikuwa naota nimefika nyumbani. Mlango uko wazi, mama ananisubiri. Wala sikutaka kurudi."

Mama yake alikuwa marehemu siku nyingi. Fundi akaegemea kochi, na kabla chai haijapoa akasinzia. Nikasimama kumwamsha, asije akaumia shingo. Mume wangu alikuwa ameshamwekea kiganja mgongoni, macho yamemjaa machozi.

"Ana joto," akasema taratibu. "Mwache alale."