Kichwa Kisichouma

Jana Ijumaa saa kumi jioni niliingia tena duka la dawa hapa Karatu, nikasema kichwa kinauma. Hakikuuma. Tangu nitoke Endulen kuja kupanga chumba nisome, mama mfamasia ndiye pekee anayeniuliza kama nimekula, kama nimelala.

"Upande gani?"

Nikashika kulia, nikakunja uso.

"Juzi ulishika kushoto. Mwanangu, vidonge sikupi tena. Hili ni la daktari, mimi naishia hapa. Twende nikupeleke."

Akaanza kufunga duka, wateja wote wakinitazama.

"Siumwi," nikasema. "Nilitaka uniulize tu."

Mteja mmoja akacheka. Nikakimbia kama mwizi wa vidonge.

Leo asubuhi nimerudi, nikasimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Siumwi."

"Marahaba. Umekula?"