Mama Kelele na Saa ya Kituo

Kazini walimwita Mama Kelele, ingawa mwenyewe alizungumza kwa mnong'ono. Kazi yake ilikuwa kusaka kelele: chochote kinachovuruga mapigo ya nyota yanayonaswa na darubini ya redio. Nyota hizo zilikufa zamani, ila huzunguka na kupiga kama moyo, pigo kwa pigo. Wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, likipita, mapigo huwahi au huchelewa, kidogo mno. Kituo kilikuwa kimelisubiri wimbi hilo miaka na miaka, na sasa, wakiamini wamelinasa, mkuu alikuwa ameshawaita waandishi wa habari.

Asubuhi ya kutangaza, Mama Kelele akaona jambo lililomkata maini. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ililingana kwa nyota zote. Wimbi halina tabia hiyo. Huziwahisha hizi, huzichelewesha zile, kutegemea zilivyoachana angani. Zikichelewa zote sawasawa, mshukiwa wa kwanza ni saa ya kituo.

Akajifungia chooni, akampigia mumewe.

"Naogopa, baba watoto. Nikisema, nawaaibisha wote. Na kama nimekosea?"

"Na usiposema?"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mkuu ndiye aliyemfundisha kazi. Mama Kelele alimkuta akifunga tai, huku ukumbini viti vikiburutwa.

"Mzee, saa yetu inatudanganya."

"Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana natetemeka."

Mkuu akaketi. Wakaondoa kosa la saa kwenye hesabu, wakaiacha kompyuta ifanye kazi. Mama Kelele akafumba macho kama mtoto anayesubiri sindano.

"Limebaki?" mkuu akauliza.

Akafumbua jicho moja. Umbo la wimbi lilikuwapo, lakini limekonda.

"Lipo, mzee. Ila siwezi kuliapia. Huenda bado ni kelele."

Mkuu akatoka peke yake kuwaambia waandishi kuwa hakuna tangazo. Kupitia mlangoni ikasikika miguno, kisha kicheko cha mtu. Mama Kelele akashikwa na hofu nyingine, mbaya zaidi: je, kama lilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyelizima?

Saa ilibadilishwa, wakaendelea kukusanya mapigo. Mkuu alistaafu kabla ya jibu. Mpaka leo humpigia Mama Kelele simu.

"Vipi, mwanangu, limenenepa?"

"Linanenepa, mzee. Taratibu."

Na kila akikata simu, hurudi kuikagua saa.