Siku ya Makuli Huanza Magharibi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivua viatu mlangoni. Chumba cha kompyuta pale Changamwe kilikuwa na baridi kali, na vumbi lilikuwa haramu humo, basi tuliingia pekupeku kama msikitini. Nikapiga bismillahi kimoyomoyo. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, na ilikuwa ikinguruma. Wallahi, niliiogopa na kuipenda papo hapo.

Kazi yetu ilikuwa kuandikia maghala na viwanda programu, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata. Vijana, msidhani ugumu ulikuwa kwenye mashine. Ulikuwa kwa mteja. Anayenunua ni mkurugenzi, naye haigusi. Anayeitumia ni karani, naye hakuulizwa. Juu ya hayo kila kampuni ina mila zake, na Meneja wa Mifumo, mkubwa wangu kutoka bara, alitaka programu moja iwatoshe wote.

Ghala moja tuliliandikia programu ya mahudhurio ya makuli. Zamu ya usiku ilianza baada ya magharibi, ikaisha alfajiri. Saa sita ya usiku mashine ikafunga siku: kuli yule yule leo akaonekana ameingia asitoke, kesho ametoka bila kuingia. Mkurugenzi wa ghala aliisadiki mashine kuliko macho yake, akataka kuwafukuza wote kwa utoro. Wengi wao walikuwa majirani zangu wa Likoni. Nilimwendea Meneja.

"Shikamoo bwana. Naomba siku ya ghala lile ianze magharibi."

"Marahaba. Binti, siku huanza saa sita ya usiku, dunia nzima."

"Kwetu jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia, na usiku wote ule ni wake. Makuli nao ndivyo wahesabuvyo."

"Na mashine itakubali?"

"Mashine haina mila yake, bwana. Hushika tuliyoiambia."

"Basi iambie upesi, kabla watu hawajafukuzwa."

Jioni ile nilisimama ghalani. Adhana ilipolia, tarehe kwenye skrini ikageuka. Asubuhi nyapara wa makuli akayasoma majina ya watu wake, kila mmoja ameingia na ametoka.

"Kumbe tulikuwapo," akasema.

Sasa nimestaafu, na kompyuta hakuna azivuliaye viatu. Lakini tangu siku ile kila mteja nilimwuliza kwanza siku yake huanza lini. Wengi walicheka, kisha wakafikiri. Subhanallah, hapakuwa na wawili waliojibu sawa.